Swali la Kumi na Tisa

Cheti kimefika Jumatatu kwa bahasha ya kaki,
jina langu kwa herufi za kulala:
Mwanaharusi Kihiyo, Msimamizi Mthibitishwa
wa Fedha za Mikopo na Ruzuku za Wanafunzi.
Mkuu wa chuo kaagiza fremu Ngamiani, barabara ya nane.
Fundi kaomba vipimo. Sikuwa navyo kichwani.

Miezi saba nilisoma usiku, Chumbageni,
taa ya chaji, miguu ndani ya beseni la maji,
mume wangu akipita akicheka: mama wa miaka hamsini
anakariri kama mtoto wa chuoni, bado fimbo tu.
Nikakariri. Nani anastahili, nani hastahili,
lini jina linaingia kwenye orodha ya kusaini,
lini boom, ndivyo wanavyoliita wao,
linageuka deni kabla halijaliwa.

Siku ya mtihani, ukumbi wa Raskazone,
feni moja inazunguka kati ya nne,
nikafika swali la kumi na tisa.
Mwanafunzi amepokea laki tisa.
Muhula una wiki kumi na tano.
Alisajiliwa mwisho wa wiki ya pili,
akaahirisha masomo mwisho wa wiki ya sita.
Arejeshe kiasi gani? Onyesha njia. Alama nne.

Nikaonyesha njia.
Wiki huhesabiwa tangu muhula ufunguliwe,
si tangu mtoto apate nauli ya kuja kujisajili.
Elfu sitini mara sita, toa kwenye laki tisa:
laki tano na arobaini.
Nikapiga mistari miwili chini ya jibu,
kalamu ikagoma kuinuka.

Maana swali lile halikuwa na jina
na mimi jina nilikuwa nalo.

Akida Mntambo, wa Kwafungo, Muheza.
Baba yake alianguka na ngazi msimu wa machungwa,
kiuno hakikurudi. Mtoto akaahirisha.
Barua nilimwandikia mwenyewe, nakala mbili, muhuri wa bluu:
unatakiwa kurejesha laki sita na sitini.
Nilihesabu wiki nne. Nilihesabu tangu siku
aliyosimama dirishani kwangu na begi la shangazi kaja.

Hakubisha. Angebishaje? Kikokotoo kilikuwa mezani kwangu.
Alilipa kwa stakabadhi kumi na moja,
noti zikinuka maganda ya chungwa,
ya mwisho kaileta jero jero ndani ya soksi:
"Samahani mama, hesabu mwenyewe."
Nikahesabu mwenyewe.
Ilikuwa sawasawa. Hilo ndilo linaloniuma,
jinsi ilivyokuwa sawasawa.

Wiki tisa nilisubiri matokeo nikijiambia
labda swali la kumi na tisa nimelikosa.
Sikulikosa.

Wenzangu wamenunua soda, wamenipaka keki puani.
Mkuu anauliza fremu itundikwe wapi.
Nikasema ngoja kwanza, ufunguo wa stoo anao nani?
Boksi la mwaka ule lilikuwa chini ya mashine mbovu ya kurudufu,
mchwa wameanzia pembeni.
Nakala ipo. Saini yangu ipo, na mkia wake wa mbwembwe,
saini ya mtu ambaye bado hajafaulu chochote
na hana wasiwasi.

Simu ya Akida haipatikani.
Nimechukua karatasi yenye nembo, nimeandika:
wewe ndiye unayekidai chuo,
shilingi laki moja na ishirini.
Njia ya hesabu nimeiambatanisha.
Kosa ni la aliyesaini hapa chini.

Chini ya jina kuna nafasi ya cheo kipya.
Ingekuwa mara yangu ya kwanza kukiandika.
Nimeiacha wazi.

Mhasibu anasema malipo ya namna hii hayana fungu.
Nimemwambia najua, nimesomea.
Jumamosi napanda gari la Muheza,
nitashuka niulize kwa Mntambo,
yule wa ngazi.